Daftari Safi la Mama Shaima

Mimi nafundisha hesabu watu wazima, na kabla hujanionea huruma nakuomba uache, hasira niliyonayo inanitosha. Kituo chetu kiko ghorofa ya tatu pale Mchafukoge, juu ya duka la pampu za maji. Kuanzia saa kumi jioni mpaka saa kumi na mbili, chini wanajaribisha pampu, juu mimi nagombana na watu walioachana na shule miaka ishirini iliyopita na sasa wanataka kurudia mtihani wa kidato cha nne. Pampu zina afadhali. Ukiziwasha zinavuta.

Jina langu Benjamini, kwetu Masasi, na kazi hii nina mwaka wa ishirini na nane nayo. Mimi sianzi na fomula. Naandika tatizo moja ubaoni, navuta kiti, nakaa. Mtu alifikirie, aligeuzegeuze, akwame, ajikwamue mwenyewe. Nimeona watoto wangapi wanameza fomula kama dawa, mtihani ukigeuza swali kidogo tu wanabaki wanaangalia dari! Nikaapa wangu hawatakuwa hivyo. Hata nikisahihisha, sisemi kosa liko wapi. Naweka alama moja ya kuuliza, nyekundu, kubwa. Basi. Kosa ukalitafute wewe.

Wanafunzi wenyewe hawataki hata kusikia. Yupo mmoja, Ridhiwani, muuza spea za pikipiki Kariakoo. Huyo alikuwa anaingia na funguo za duka mkononi, hata hajakaa sawasawa keshaanza.

"Ticha, tupe fomula tusepe."

"Fomula ya nini?"

"Ya hilo swali hapo."

"Hata hujalisoma!"

"Ticha, mimi dukani nimeacha mtu. We andika notisi tukopi, tutaenda kuelewa home."

"Haya niambie. Pikipiki ikija kwako inakohoa, unauliza fomula?"

"Ah, hapana. Naisikiliza kwanza."

"Basi na hili lisikilize!"

Darasa zima likacheka, na yeye akacheka. Halafu akatoa simu. Sasa mtu kama huyo umfanyeje, jamani?

Katikati ya kundi hilo alikuwepo Mama Shaima. Jina lake mwenyewe Zulekha, miaka thelathini na tisa, fundi wa nguo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Wapo mafundi wa kushona na wapo wa kukata, na yeye ni mkataji. Ukitaka gauni la harusi likae mwilini mwako na si mwilini mwa jirani yako, unapelekewa kitambaa kwake akikate, halafu wengine washone. Hesabu alifeli akiwa binti wa miaka kumi na minane, akaenda kujifunza ufundi kwa Mzee Saif, Mwarabu mmoja wa Mtaa wa Swahili, na hapo ndipo alipokulia kikazi.

Kilichomleta kwangu ni hiki. Chuo kimoja cha ufundi kule Ilala kilikuwa kinamtaka awe mwalimu wa ukataji. Mkuu wa chuo ni mteja wake, anaujua mkono wake. Lakini taratibu ni taratibu, lazima awe na cheti cha kidato cha nne ambacho hesabu imepita, na kiwe mezani kabla ya mwisho wa Januari, muhula haujaanza. Nafasi yenyewe ilikuwa moja tu.

"Mwalimu, nimeitwa fundi miaka ishirini," aliniambia siku ya kwanza. "Na mimi nataka niitwe mwalimu, kabla huu mgongo haujakatika."

Siku hiyohiyo ya kwanza nilitoa hotuba yangu ya kila mwaka. Watu wazima hawa wana tabia mbaya, hesabu wanaiandika pembeni mwa ukurasa, juu ya namba za simu, mwingine nyuma ya risiti. Nikawaambia, "Mimi sitaki daftari chafu. Nataka kazi safi. Ukiniletea uchafu nakurudishia." Mwaka hadi mwaka nasema maneno hayo na hakuna anayenisikiliza. Mwaka huo akanisikiliza mmoja.

Daftari la Mama Shaima lilikuwa limevalishwa kitambaa cha maua, kimeshonwa pembeni kwa mashine. Ukifungua, unakuta namba ya swali, unakuta jibu kwa kalamu ya wino, na chini ya jibu mistari miwili ya rula. Njia hakuna. Hata mstari mmoja wa njia hakuna, na jibu ni sahihi. Nikaweka alama ya kuuliza. Wiki iliyofuata likarudi vilevile, jibu sahihi, ukurasa mweupe kama shuka la hospitali. Nikaweka nyingine, kubwa zaidi. Ikaja wiki ya tatu, karatasi imekuwa nyembamba mpaka unaona ukurasa wa pili, sehemu moja imetoboka kabisa. Nikaichora alama yangu pembeni ya tundu na nikajiona mwalimu kwelikweli.

Moyoni nilishaanza kumtilia shaka. Majibu ya vitabu yamo nyuma ya kitabu, mtoto yeyote anajua. Nikasema sawa, tutaonana.

Mwezi wa tisa nikatunga tatizo langu mwenyewe, ambalo halimo katika kitabu chochote. Nililipenda lile tatizo, nisiseme uongo, nililipenda kama mtoto. Nikaliandika ubaoni: *Una kitambaa cha mraba. Unakata ndani yake duara kubwa kuliko yote yanayowezekana. Ni sehemu gani ya kitambaa inayobaki kuwa vipande vya kutupa?* Nikakaa.

Kelele zikaanza papo hapo.

"Ticha, upande wa mraba hujatoa!" Ridhiwani huyo.

"Sikutoa makusudi."

"Sasa tunakokotoa nini? Hewa?"

"Fikirieni."

"Mwalimu, umesahau namba bwana, andika tu," akasema mama mmoja wa nyuma, kwa sauti ya kunibembeleza kama mimi ndiye mgonjwa. Chini pampu ikawashwa. Nusu saa nzima nilikaa pale nawaangalia watu ishirini na mbili wazima wananingojea nikumbuke namba. Niliumwa na kichwa mpaka jichoni. Mwishowe wakaondoka na swali nyumbani, wananung'unika.

Keshokutwa yake nikakusanya madaftari. Kumi na tisa matupu. Mawili yana fomula ambazo hata sijui walizitoa wapi. La mwisho likiwa lile la maua, nikalifungua: *3/14*. Mistari miwili ya rula. Hakuna kingine.

Jibu ndilo hilo. Ukitumia pai ya ishirini na mbili juu ya saba, kinachotupwa ni tatu juu ya kumi na nne. Na mimi jibu hilo nilikuwa nimeliandika mahali pamoja tu duniani, kwenye karatasi ndani ya faili langu la kijani, na lile faili huwa linabaki mezani darasani. Na nani anayekuja kabla ya wenzake, akashika ufagio akafagia darasa bila kuombwa? Mama Shaima. Nikajumlisha. Masikio yakawa yananiwaka. Mimi naumiza kichwa kutunga, mtu anakuja kunifungulia faili!

Jioni hiyo sikusalimia darasa vizuri. Nikainua lile daftari watu wote wakaliona.

"Bi Zulekha. Njoo ubaoni utuonyeshe ulifikaje hapa."

Akasimama, akaja taratibu, akachukua chaki. Mbele yake walikuwa wamekaa kina mama wawili ambao ni wateja wake. Akanyanyua mkono mpaka karibu na ubao. Mkono ukakaa hapohapo, halafu akaurudisha chini na chaki akaiweka mahali pake.

"Siwezi, mwalimu."

"Huwezi nini?"

"Kuchora hapa mbele za watu. Siwezi."

"Huwezi kwa sababu hukuifanya wewe," nikamwambia. "Faili langu lina mlango siku hizi? Unafagia darasa au unafagia majibu yangu? Hapa hatufundishi kunakili, mama. Mtu mzima na akili zako! Unataka kwenda kufundisha watoto wa watu nini, wizi?"

Hata Ridhiwani aliacha simu. Mama Shaima akaja mezani kwangu, akachukua daftari lake kwa mikono miwili, akalitia mkobani. "Haya, mwalimu," akasema, akashuka ngazi. Hakurudi tena.

Nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Usiniangalie hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Nilisema afadhali, nimesafisha darasa.

Mwezi wa kumi na moja wakafanya mtihani. Nilimwona asubuhi ile kwenye foleni ya watahiniwa, kashika mfuko wa plastiki unaoonyesha vilivyomo ndani: kalamu, penseli, rula na ufutio mpya mkubwa. Akanipa shikamoo, nikaitikia, kila mtu akaangalia upande wake.

Matokeo yakatoka Januari. Nikayafungua kwenye simu, nimekaa peke yangu darasani. Hesabu yetu ilikuwa kilio kama kawaida, F juu ya F. Nikatafuta namba ya Mama Shaima kwanza, nakiri. F. Nikasema, "Si nilijua!" Nilisema kwa sauti kabisa, kwenye viti vitupu. Halafu nikatafuta ya Ridhiwani ili nihakikishe dunia bado iko sawa, nikakuta C.

C! Ridhiwani! Nikasugua kioo cha simu kwa shati, nikaangalia tena.

Jioni yake akaja mwenyewe, kabeba soda mbili, kelele kuanzia ghorofa ya kwanza. "Ticha! Nimetoboa, ticha! Nimetoboa!"

"Nimeona. Hongera sana. Umeona sasa faida ya kufikiri bila fomula?"

Akaanza kujikuna shingo. "Ticha, usikasirike lakini. We sio uliyenifundisha."

"Nani basi?"

"Mama Shaima. Tangu siku ile ulipomtukana. Mimi nilimfuata kumpa pole, si duka langu liko mtaa wa nyuma? Nikamkuta anakata, nikamwuliza lile swali la duara. Akanieleza kwa dakika tano, ticha, dakika tano! Basi kila asubuhi kabla hatujafungua, napita pale kwenye meza yake. Anachora kwa chaki, anafuta, ananiambia haya chora wewe. Mpaka siku ya mtihani." Akafungua soda yangu akanisogezea. "Yule mama anajua, ticha. Na wala sikutukani, lakini anajua kuelekeza kukuzidi."

Soda sikuinywa. Nilimwambia Ridhiwani afunge darasa, nikashuka, nikakatiza Mnazi Mmoja kwa miguu nikaingia Kariakoo. Njia nzima nilikuwa nabishana na Ridhiwani kichwani. Kama huyo mama anajua, kafelije? Aliyemfundisha Ridhiwani akapata C, yeye mwenyewe anapataje F? Hesabu ilikuwa haikubali, na hesabu isiyokubali mimi inanitia wazimu.

Kifremu cha Mama Shaima kina benchi mbele, wateja wawili walikuwa wamekaa wanasubiri. Meza ya kukatia iko ndani, nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa limefungwa nusu. Nikamwona. Kitambaa cha bluu amekikunja mara mbili mezani, anachora juu yake kwa kipande cha chaki: robo ya duara, vipimo, mishale, namba ndogondogo. Mkono unakwenda bila kusita. Akakata. Halafu akachukua brashi akaanza kufuta. Akafuta, akakung'uta, akafuta tena, akakiinua kwenye taa akakikagua, akafuta alama moja niliyokuwa hata siioni. Ndipo akavuta pazia akatoka nacho kwa mteja.

"Shikamoo, mwalimu," akasema aliponiona. Hakutabasamu.

"Marahaba. Mama Shaima, kwa nini unafuta?"

"Ninafuta nini?"

"Chaki."

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu. "Mteja haoni chaki, mwalimu. Kwa Mzee Saif ukimaliza kukata anaipiga nguo kofi. Likitoka vumbi la chaki, siku hiyo wewe unafagia mpaka jioni. Na ukichora mbele ya mteja ndiyo kabisa, hapo umejitangaza kwamba bado unajifunza. Chaki ni ya wanafunzi."

Nikakumbuka lile tundu kwenye karatasi.

"Na kwenye daftari lako la hesabu?"

"Si ulisema unataka kazi safi?" akasema. "Nafanya yote kwa penseli, nikimaliza naandika jibu kwa wino, halafu nafuta. Ukaniwekea alama ya kuuliza. Nikajua hujaridhika, bado pana uchafu. Nikafuta zaidi. Ukaweka nyingine. Nikafuta mpaka karatasi ikatoboka, mwalimu, na bado ukaweka."

"Na kwenye mtihani?"

"Nilifuta kila kitu. Nilibakiza dakika ishirini za kufuta tu. Karatasi yangu ilikuwa safi kuliko zote mle ndani."

Nikakaa kwenye benchi bila kukaribishwa. Yule mteja ikabidi asogee. Nikamweleza Mama Shaima. Msahihishaji anatafuta njia. Alama ziko kwenye zile chaki. Jibu tupu, hata liwe sahihi namna gani, halina anayelijua limetoka wapi, na kama alivyofikiri mwalimu wako ndivyo atakavyofikiri na yeye. Nikamwambia, ulichofuta ndicho kilikuwa mtihani.

Alikuwa anaviringisha ile chaki kwenye vidole.

"Ridhiwani nilimwambia asifute," akasema taratibu. "Nilimwambia wewe bado, acha chaki zako."

"Na lile la duara ulilifanyaje?"

"Nilijitungia upande. Nikasema mraba wangu una kumi na nne, ili nusu kipenyo cha duara kiwe saba, ife na saba ya chini ya pai. Mraba ukatoka mia moja tisini na sita, duara mia moja hamsini na nne. Kinachobaki arobaini na mbili. Ukikipunguza unapata tatu juu ya kumi na nne."

Miaka ishirini na nane nafundisha hesabu. Mimi lile tatizo nililifanya kwa herufi, mistari tisa. Haikunijia hata siku moja kujichagulia kumi na nne.

"Na chuo?" nikauliza, ingawa sikutaka kusikia.

"Wamempa mwingine. Leo mchana wamenipigia. Mkuu kasikitika, lakini muhula hauwezi kunisubiri mimi." Akanyoosha futi yake ya kupimia iliyoning'inia shingoni. "Mwaka mzima ulikuwa unalishika daftari langu, mwalimu. Uliweka alama za kuuliza ngapi? Na kuuliza hukuuliza. Siku uliyouliza, uliniuliza kama askari."

"Mama Shaima, mimi..."

"Ngoja." Akaingia ndani, akarudi na kipande cha karatasi ya kaki anayochorea mitindo, akakitandika kwenye benchi mbele yangu, mbele ya wale wateja wawili, akaniwekea chaki mkononi. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ningeshukuru kama ingepanda. "Na wewe nionyeshe njia. Ulipata jibu kwamba mimi ni mwizi. Andika hapo ulifikaje."

Nikaishika ile chaki. Faili la kijani, ufagio, jibu sahihi. Nikavipanga kichwani na havikusimama, hata kimoja hakikumshikilia mwenzake. Kama angeniletea kazi hiyo mwanafunzi ningemrudishia. Wale akina mama walikuwa wananiangalia, nami shati limenigandia mgongoni.

"Sina njia," nikamwambia. "Niliona mtu mzima, fundi cherehani, aliyefeli zamani, nikaandika jibu wanaloandika watu wote. Nilinakili, Mama Shaima."

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi andika hivyohivyo," akasema. "Na usifute."